Kutoka Soketi hadi Mkongo: Historia ya Vivutio vya Kifedha vya Kuchajia Magari ya Umeme katika Majengo ya Umiliki wa Pamoja nchini Ufaransa, 2010–2023

Utangulizi

Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa ilipandisha ruzuku ya kununulia gari la umeme hadi euro 7,000. Kilikuwa kiasi kikubwa kwa kipimo chochote cha wakati ule. Hata hivyo, mkaazi wa ghorofa ya nne katika jengo lenye wamiliki wengi, mwenye nafasi yake halali ya kuegesha gari katika maegesho ya chini ya jengo, angeweza kuipokea ruzuku hiyo yote na bado akakosa mahali pa kuchajia gari lake usiku. Kati ya nafasi yake na chumba cha mita za umeme palikuwa na hatua chache tu. Lakini waya ambao ungepita hatua hizo ungetundikwa kwenye dari isiyo yake peke yake, ungetoboa ukuta usio wake peke yake, na ungevuta umeme kutoka kwenye mita inayolipiwa na majirani zake wote.

Jambo hili halikuwa la watu wachache. Takriban asilimia 44 ya makazi ya Ufaransa ni fleti, na katika miji mikubwa sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Iwapo gari la umeme lingebaki kuwa chombo cha mwenye nyumba ya peke yake na ua wake, basi fedha za umma zilizotolewa kwa ajili ya magari hayo zingeishia kwa tabaka moja la wakaazi, ilhali wakaazi wa fleti wangechangia gharama kupitia kodi na bei ya umeme bila kufaidi. Ndiyo maana suala la soketi katika maegesho, ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo na la kifundi mno kustahili utafiti wa kihistoria, lilitungiwa sheria kuu tatu katika muda wa miaka kumi na mmoja.

Hoja inayojengwa katika makala hii ni kwamba vivutio vya kifedha vilivyotolewa Ufaransa katika kipindi hicho vilibadilisha shabaha yake: vilianza kwa kumlenga mtu mmoja mmoja, vikahamia kwenye jengo, hatimaye vikaelekezwa kwenye mtandao wa umeme wenyewe. Kuhama huko hakukusababishwa na uhaba wa fedha. Kulisababishwa na umbo la umiliki, yaani namna ambavyo sheria ya mwaka 1965 iligawa kile kilicho cha mtu na kile kilicho cha wote. Aidha, inadaiwa hapa kwamba watunga sera hawakubuni zana mpya. Walizichukua zana tatu zilizokwisha kutumika katika majengo yaleyale kwa ajili ya antena, nyaya za mawasiliano na umeme wa nyumbani.

Sheria ya 1965 na mkutano wa wamiliki

Msingi wa kila kitu ni Sheria ya tarehe 10 Julai 1965 kuhusu umiliki wa pamoja wa majengo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mmiliki ana sehemu yake binafsi, yaani fleti na mara nyingi nafasi ya maegesho, pamoja na hisa katika sehemu za pamoja: paa, ngazi, kuta kuu, mabomba, nyaya. Hisa hizo ndizo zinazoamua uzito wa kura yake na ukubwa wa mchango wake. Wamiliki wote huunda chama chenye hadhi ya kisheria. Chama hicho huwakilishwa na msimamizi anayelipwa, na maamuzi yake hufanywa katika mkutano mkuu ambao kwa kawaida hukaa mara moja kwa mwaka.

Sheria hiyo imeweka viwango tofauti vya wingi wa kura. Ibara ya 24 inataka wingi wa kawaida, yaani kura za waliohudhuria au kuwakilishwa na kupiga kura. Ibara ya 25 inataka wingi wa kura za wamiliki wote, wakiwamo wasiofika. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika maandishi. Chini ya Ibara ya 25, mtu anayeishi mbali, asiyesoma barua za msimamizi wala kutuma mwakilishi, kwa hakika amepiga kura ya hapana. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama; katika majengo haya tatizo halikuwa wingi wa manahodha bali wale ambao hawakupanda chomboni kabisa.

Ratiba nayo ilikuwa kikwazo. Hoja isiyoandikwa katika ajenda haiwezi kuamuliwa, na ajenda hutumwa wiki kadhaa kabla ya kikao. Mtu aliyenunua gari mwezi mmoja baada ya mkutano mkuu alilazimika kusubiri karibu mwaka mzima ili ombi lake lisikilizwe, na mwaka mwingine iwapo wenzake wangetaka makadirio ya ziada ya gharama. Hakuna ruzuku ya fedha inayoweza kufupisha kalenda ya namna hiyo.

Urithi wa antena: haki ya soketi, 2010–2011

Jibu la kwanza la Bunge la Ufaransa lilitolewa katika Sheria ya tarehe 12 Julai 2010, inayojulikana kwa jina la Grenelle II. Sheria hiyo iliweka kile ambacho Wafaransa wamezoea kukiita droit à la prise, yaani haki ya soketi. Mwenye jengo au chama cha wamiliki hakiruhusiwi, bila sababu nzito na halali, kumzuia mpangaji au mkaazi halali kuweka kifaa cha kuchajia katika nafasi yake ya maegesho, mradi agharimie mwenyewe na matumizi yake yapimwe peke yake.

Msomaji aliyebobea katika sheria za nyumba za Ufaransa atayatambua maneno hayo mara moja. Sharti la sababu nzito na halali limo katika Sheria ya tarehe 2 Julai 1966 kuhusu haki ya mkaazi kuweka antena ya kupokelea matangazo ya redio na televisheni. Mwaka 1966 swali lilikuwa ni nani anaruhusiwa kupanda juu ya paa la wote kufunga chuma cha mtu mmoja. Mwaka 2010 swali lilishuka kutoka paani hadi chini ya jengo, lakini mantiki haikubadilika: mtu binafsi anapewa haki, jengo linanyimwa uwezo wa kukataa ovyo, na gharama inabaki kwa anayetaka.

Ulinganisho huu una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo chanzo cha matatizo yaliyofuata. Antena moja haipunguzi mawimbi yanayomfikia jirani. Chaja moja hupunguza umeme uliosalia kwa jirani. Haki iliyofaa kwa kitu kisichopungua ilipachikwa kwenye kitu kinachopungua. Si jambo la kushangaza kwamba watunga sheria wa 2010 hawakuliona hilo: magari yalikuwa machache kiasi kwamba jengo lenye waombaji wawili lingekuwa kioja.

Amri ya utekelezaji ya tarehe 25 Julai 2011 ilifafanua utaratibu. Mkaazi alitakiwa kutuma taarifa pamoja na maelezo ya kazi. Chama cha wamiliki, kikitaka kupinga, kilikuwa na miezi sita ya kwenda mahakamani. Sababu zilizotambuliwa kuwa nzito na halali zilikuwa hasa mbili, yaani kwamba kifaa kama hicho tayari kipo, au kwamba jengo limeamua kuweka mfumo wake wa pamoja ndani ya muda wa kuridhisha. Sababu ya pili iligeuka kuwa mlango wa kuponyokea. Jengo lisilotaka kuchukua hatua lingeweza kutangaza kwamba linalichunguza suala hilo, na uchunguzi hauna mwisho. Haki yenyewe ilihusu maegesho yaliyofungwa na kufunikwa tu. Aliyeegesha katika uwanja wa wazi ndani ya eneo la jengo hakuhusika. Iwapo jengo zima lingependa kuweka nyaya za pamoja, uamuzi ulihitaji wingi mgumu wa Ibara ya 25.

Kwa hiyo mwaka 2011 hali ilikuwa hivi: kutenda peke yako kulikuwa rahisi zaidi kisheria kuliko kutenda na wenzako. Hilo lilikuwa chaguo la kisera, hata kama halikutamkwa hivyo.

Fedha zinamfuata mtu: 2014–2020

Vivutio vya kifedha vilipokuja vilifuata mkondo uleule. Kuanzia Septemba 2014 gharama za chaja ziliingizwa katika nafuu ya kodi ya mageuzi ya nishati, kwa kiwango cha asilimia 30. Nafuu hiyo ilikuwa ya kurejeshwa, yaani hata asiyedaiwa kodi alilipwa, na mpangaji aliweza kuidai sawa na mmiliki anayeishi kwenye fleti yake. Mwenye nyumba anayepangisha hakuweza. Baadaye kiwango kilibadilishwa: mwaka 2020 kilikuwa euro 300 kwa jumla, na kuanzia 2021 asilimia 75 ya gharama kwa kikomo cha euro 300 kwa kila kifaa. Hapana haja ya kukaa sana hapa. Euro 300 zingeweza kumsaidia mwenye nyumba ya ua kulipia sehemu nzuri ya kazi yake. Kwa mkaazi wa fleti zililipia pengine urefu fulani wa waya.

Mpango uliokuwa na uzito ni ADVENIR, ulioanza mwaka 2016 na kusimamiwa na AVERE-France, chama cha kitaifa cha kuendeleza usafiri wa umeme. Chanzo cha fedha zake kinastahili kuelezwa kwa sababu mara nyingi huchukuliwa kimakosa kuwa ni hazina ya serikali. Tangu Sheria ya tarehe 13 Julai 2005, wauzaji wa nishati nchini Ufaransa wanalazimika kukusanya vyeti vinavyothibitisha kwamba wamesaidia kupunguza matumizi ya nishati. Njia mojawapo ya kupata vyeti ni kuchangia programu zilizoidhinishwa na serikali, na ADVENIR ni mojawapo. Muuzaji hulipa, kisha huingiza gharama hiyo katika bei anayomtoza mteja. Kwa maneno mengine, ruzuku ya soketi ya mwenye gari ililipwa na kila aliyewasha taa, aliyepikia gesi na aliyejaza mafuta kwenye pikipiki yake.

Katika majengo ya makazi, ADVENIR ililipa nusu ya gharama. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2020 kikomo kilikuwa euro 960 kabla ya kodi kwa kifaa cha mtu mmoja, na euro 1,660 kwa kifaa kinachotumiwa na wakaazi kadhaa. Ruzuku iliambatana na masharti ya kiufundi. Kando ya mpango huo, amri ya tarehe 12 Januari 2017 ilitaka vifaa vyenye nguvu zaidi ya kilowati 3.7 vifungwe na fundi mwenye sifa maalumu.

Athari ya mpango huu ndani ya jengo inaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kukokotoa. Chukua jengo lenye nafasi 60 za maegesho, ambalo mita yake ya huduma za pamoja (taa za ngazi, lifti, lango) ina akiba ya kilowati 36. Mkaazi wa kwanza anaomba chaja ya kilowati 7.4, anaunganishwa kwenye mita hiyo, anapata ruzuku yake, na gharama inakuwa nafuu kwa sababu akiba ipo. Wa pili vilevile, wa tatu, wa nne. Wanne wakichaji kwa pamoja wanatumia kilowati 29.6. Wa tano anafikisha 37, akiba imekwisha. Huyo wa tano hahitaji soketi tu. Anahitaji muunganisho mpya na mtandao, kisanduku kipya cha usambazaji, na nyaya nene zitakazopita maegesho yote. Gharama yake haiongezeki kwa kadiri, inaruka. Na ruzuku yake inabaki na kikomo kilekile cha euro 960.

Mitambo ya kudhibiti chaji kwa zamu huchelewesha kufika kwa huyo wa tano, hata labda kumfanya kuwa wa kumi na tano. Haimfuti. Ruzuku ya mtu mmoja mmoja kwa hiyo ilikuwa na kasoro isiyoweza kuondolewa kwa kuiongeza: iliwazawadia waliotangulia kwa kula akiba ya wote, na kila soketi iliyofungwa kwa njia hiyo ilizidi kuufanya mfumo wa pamoja kuwa mgumu kukubalika, kwa kuwa wale wanne walioridhika hawakuwa tena na sababu ya kuupigia kura. Hili ndilo jambo ambalo takwimu za idadi ya vifaa vilivyofungwa haziwezi kulidhihirisha. Soketi nne zinahesabiwa kuwa mafanikio manne.

Fedha zinahamia kwenye jengo: 2019–2021

Mabadiliko yalianza Brussels. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 30 Mei 2018 kuhusu ufanisi wa nishati katika majengo yalitaka majengo mapya ya makazi yenye nafasi zaidi ya kumi za maegesho yawekewe mapito ya nyaya kwa kila nafasi. Ufaransa iliyatekeleza kupitia Sheria ya Mwelekeo wa Usafiri ya tarehe 24 Desemba 2019 na amri zilizofuata. Majengo mapya ya ukubwa huo ambayo vibali vyake viliombwa kuanzia Machi 2021 yalipaswa kuandaliwa katika nafasi zote. Kwa majengo mapya tatizo lilikuwa limepata ufumbuzi. Lakini Ufaransa ya fleti ni Ufaransa ya majengo ya zamani.

Kwa majengo hayo, sheria ya 2019 ilifanya jambo ambalo pengine lilikuwa na thamani kuliko ruzuku zote zilizotangulia: kuanzia 2021, uamuzi wa kuweka mfumo wa kuchajia ulishushwa kutoka Ibara ya 25 hadi Ibara ya 24. Asiyehudhuria hakuhesabiwa tena kuwa mpinzani. Amri ya tarehe 24 Desemba 2020 ilipanua haki ya soketi hadi maegesho ya wazi na kufupisha muda wa chama kwenda mahakamani kutoka miezi sita hadi mitatu. Vifungu hivi havina hata euro moja ndani yake. Hata hivyo, mtu akipima gharama kwa muda, mashauriano na safari za kwa msimamizi, haviwezi kutenganishwa na historia ya vivutio.

Fedha nazo zikageuka. Kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani kwa kufunga vifaa vya kuchajia kwenye makazi kilipunguzwa hadi asilimia 5.5 kuanzia 2021. ADVENIR ikafungua dirisha la miundombinu ya pamoja, yaani nyaya kuu na visanduku vya usambazaji bila kujali ni wangapi wana magari siku hiyo. Kufikia 2022 dirisha hilo lililipa nusu ya gharama kwa kikomo cha euro 8,000 kwa maegesho yasiyozidi nafasi 100.

Turudi kwenye jengo la nafasi 60. Tuseme kazi ya pamoja inagharimu euro 30,000. Nusu yake ni 15,000, lakini kikomo kinaleta 8,000. Zinabaki 22,000, ambazo zikigawanywa sawasawa ni takriban euro 367 kwa nafasi. Si kiasi cha kutisha. Ukarabati wa lifti hugharimu zaidi. Lakini sasa kila mmiliki anaulizwa: wewe mwenye miaka sabini na mitano, usiye na gari kabisa, uko tayari kulipa euro 367 ili jirani wa ghorofa ya pili achaji gari ambalo bei yake ni mara nyingi ya pensheni yako ya mwezi? Jibu la hapana si ujinga wala uadui kwa mazingira. Ni jibu la mtu anayejua kuhesabu. Fasihi ya kisera ya kipindi hiki ina tabia ya kuwaita wapigakura hao wapinzani wa mabadiliko, na hukumu hiyo haiwatendei haki. Kukokotoa kwao kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mpango ambao usingewataka walipe kabla ya kutumia.

Nyaya za mawasiliano, mkongo wa wima, mkongo wa mlalo

Mpango wa namna hiyo tayari ulikuwapo, lakini katika sekta nyingine. Sheria ya tarehe 4 Agosti 2008 ya kuufanya uchumi kuwa wa kisasa ilikuwa imeamua kwamba nyaya za intaneti ya kasi ndani ya majengo zifungwe kwa gharama ya kampuni ya mawasiliano, kwa mkataba kati yake na chama cha wamiliki. Mkutano mkuu uliidhinisha, haukulipa. Kampuni ilirejesha fedha zake kupitia ada za wateja.

Kampuni binafsi za kuchajia ziliiga mtindo huo kabla sheria haijautaja. Zeplug, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilifunga mita yake tofauti katika maegesho, ikalipia nyaya, kisha ikamtoza kila mkaazi aliyejiunga gharama ya kifaa pamoja na ada ya mwezi. Chama cha wamiliki hakikutoa kitu. Mvuto wake mbele ya mkutano mkuu ni dhahiri. Udhaifu wake ulijitokeza pole pole: mkaazi hakuwa huru kuchagua muuzaji wa umeme kwa gari lake kama anavyochagua kwa jiko lake, na jengo lilijifunga kwa kampuni moja kwa miaka mingi.

Njia ya tatu ilitokana na historia ambayo haikuhusu magari hata kidogo. Katika majengo ya zamani ya Ufaransa, nyaya kuu zinazopanda kutoka barabarani hadi ghorofa za juu, ambazo hapa zitaitwa mkongo wa wima, zilikuwa na umiliki wa kutatanisha. Baadhi zilihesabiwa kuwa za mtandao wa umma, nyingine za wamiliki wa jengo, na pale zilipochakaa hadi kuwa hatari, kila upande ulimsukumia mwenzake bili ya matengenezo. Mashauri mahakamani yalikuwa mengi. Sheria ya makazi ya tarehe 23 Novemba 2018, iitwayo ELAN, ilikata shauri: mikongo ya wima ni sehemu ya mtandao wa umma wa usambazaji, na baada ya miaka miwili ya mpito ingehamia huko bila malipo isipokuwa wamiliki wakidai kubaki nayo. Msimamizi wa mtandao, ambaye katika sehemu kubwa ya nchi ni Enedis, akaurithi mzigo.

Muda wa mpito ulikwisha Novemba 2020. Miezi tisa baadaye, Sheria ya Tabianchi na Ustahimilivu ya tarehe 22 Agosti 2021 ilianzisha mkongo wa mlalo. Chama cha wamiliki kinaweza kuomba msimamizi wa mtandao aweke nyaya kuu kando ya maegesho yote. Anayetanguliza fedha ni msimamizi huyo. Jengo halitoi kitu. Kila mkaazi anapotaka kuunganishwa, leo au miaka minane ijayo, hulipa tawi lake pamoja na mchango wa sehemu yake katika mkongo, kisha hupata mita yake na uhuru wa kuchagua muuzaji. Sheria hiyohiyo iliipa njia ya kampuni binafsi msingi wa kisheria, kwa sharti kwamba mkataba usiwe na gharama kwa chama. Amri ya tarehe 21 Septemba 2022 ilikamilisha utaratibu.

Mfanano wa mikongo hii miwili haujapewa uzito unaostahili. Mkongo wa wima uliishi miongo mingi katika umiliki wa kutatanisha, mara nyingine ukihesabiwa kuwa mali ya jengo, na ukaishia kuwa wa umma. Mkongo wa mlalo ulianza moja kwa moja pale mwenzake alipoishia. Watunga sheria wa 2021, kwa kukusudia au la, waliruka hatua iliyokuwa imeigharimu Ufaransa mashauri ya miaka mingi.

Lakini fedha zilizotangulizwa zina mwenyewe. Msimamizi wa mtandao hupata mapato yake kupitia ushuru wa matumizi ya mtandao, ambao umo katika bili ya kila mteja wa umeme. Wakaazi wakijiunga haraka, michango yao hurejesha fedha. Wakichelewa, au jengo likawa la wastaafu wasioendesha magari, mkongo unabaki mtupu na gharama yake inaning'inia kwenye ushuru wa wote, wakiwamo wale wasio na nafasi ya maegesho popote. Yule mzee wa euro 367 ameepushwa na bili moja na kuingizwa, kwa sehemu ndogo isiyoonekana, katika bili nyingine. Kitu kilichobadilika ni kwamba haulizwi tena. Kwa mtazamo wa ufanisi hilo ni ushindi. Kwa mtazamo wa demokrasia ya jengo, ambayo Sheria ya 1965 iliilinda kwa ukaidi, ni jambo la kujadiliwa zaidi kuliko lilivyojadiliwa.

Ulinganisho mfupi: Ujerumani na Uingereza

Ujerumani ilipitia njia tofauti. Marekebisho ya sheria ya umiliki wa fleti yaliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2020 yalimpa kila mmiliki haki ya kudai chaja kwa gharama yake, na karibu wakati huohuo, mwezi Novemba, benki ya maendeleo ya KfW ilianza kutoa euro 900 kwa kila sehemu ya kuchajia katika makazi. Fedha hizo, ambazo hatimaye zilifikia euro milioni 800, zilikwisha Oktoba 2021. Mpango uliofuata, wa Septemba 2023, ulitaka chaja, paneli za jua na betri kwa pamoja, na uliwahusu wanaoishi katika nyumba zao wenyewe za peke yao. Wamiliki wa fleti waliachwa nje. Euro milioni 300 zilizotengwa kwa mwaka huo zilimalizika ndani ya siku moja. Ni vigumu kupata mfano ulio bayana zaidi wa ruzuku inayokimbilia pale ambapo kikwazo ni kidogo.

Uingereza ilielekea upande wa pili. Ruzuku yake ya chaja za nyumbani, iliyokuwa imeshuka hadi pauni 350 mwaka 2020, ilifungwa kwa wenye nyumba za peke yao tarehe 1 Aprili 2022 na kubakizwa kwa wakaazi wa fleti na wapangaji, pamoja na dirisha la wamiliki wa majengo lenye kikomo cha pauni 30,000 kwa miundombinu. Shabaha ilikuwa sahihi kuliko ya Ujerumani. Lakini mkaazi wa fleti wa Kiingereza, ambaye kwa kawaida ni mpangaji wa muda mrefu wa ardhi ya mwingine, hakupewa haki inayolingana na ile ya Ufaransa ya 2010. Alikuwa na hundi mkononi na bado alihitaji ruhusa ya mwenye jengo.

Mpangaji

Limebaki kundi moja ambalo mjadala wa mikutano mikuu huelekea kulisahau kwa sababu halina kura. Mpangaji wa Ufaransa ana haki ya soketi tangu 2010, na mkongo wa mlalo unamruhusu kuomba tawi lake. Lakini anayelipa mchango wa mkongo na tawi huacha nyuma kitu kisichohamishika. Akihama baada ya miaka mitatu, aliyegharimia ni yeye na anayefaidi ni mwenye fleti. Njia ya kampuni binafsi, licha ya ada zake za kila mwezi, inamfaa zaidi mtu wa namna hii, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoihukumu kwa haraka. Nafuu ya kodi, iliyoongezwa hadi euro 500 mwaka 2024 kwa vifaa vinavyoweza kudhibitiwa na kurefushwa hadi tarehe 31 Desemba 2025, ni kivutio kilichomfikia mpangaji moja kwa moja bila kupitia kura ya mwenye nyumba.

Afrika Mashariki ina sheria za umiliki wa sehemu za majengo, ile ya Tanzania ya mwaka 2008 na ile ya Kenya ya mwaka 2020, na zote zinatambua chama cha wamiliki na sehemu za pamoja kwa namna ambayo mwanasheria wa Paris angeielewa bila mkalimani. Maghorofa ya Upanga na Kilimani yanaendelea kujengwa, maegesho yakiwa chini, mita zikiwa katika chumba kimoja, na mapito ya nyaya yakiwa yamepimwa kwa ajili ya taa, lifti na pampu ya maji.